Utupu wa Uasin Gishu: Jicho la Mgeni katika Through Masai Land

Tahakiki hii inakusudia kuchunguza jinsi Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti aliyeuvuka uwanda wa Uasin Gishu mwaka 1883, anavyousawiri katika kitabu chake Through Masai Land (1885). Hoja yetu ni kwamba utupu anaousimulia ulikuwa tukio la kihistoria, ila wasomaji wake waliugeuza kuwa sifa ya ardhi yenyewe.

Thomson anaikuta nchi yenye malisho tele isiyokaliwa na watu. Hata hivyo, hafichi sababu: Wamaasai wa Uasin Gishu walikuwa wamevunjwa nguvu na vita. Msimulizi, basi, ametupa kisa pamoja na chanzo chake. Waliomfuata walikichukua kisa, chanzo wakakiacha. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza ilipendekeza kuwapa Wazayoni uwanda huo. Tume yao ikaukagua mwaka 1905, na mwaka huohuo kongamano lao la Basel likalikataa pendekezo. Mwaka 1908 Makaburu wakiongozwa na Jansen van Rensburg walifika na magari yao ya maksai. Taswira ya nyika tupu ilikuwa imekwisha geuka hoja ya kumiliki ardhi.

Suala la pili ni la sauti. Wapagazi wa Thomson walitoka Zanzibar, naye Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa Pangani, alijiunga na msafara huo. Isitoshe, mwaka 1870 Thomas Wakefield alikuwa amechapisha maelezo ya njia za misafara ya bara kama alivyosimuliwa na Sadi bin Ahedi. Bara, kwa hiyo, ilikwisha simuliwa na watu wa pwani kabla Thomson hajaiandika. Lakini kitabuni Kimameta anabaki mhusika. Usimulizi ni wa mgeni peke yake.

Tena, uwanda wenyewe una ushahidi. Mashimo ya Wasirikwa, ambayo utafiti wa J. E. G. Sutton uliochapishwa mwaka 1973 ulionyesha kuwa yalikuwa mazizi ya ng'ombe, yanathibitisha ufugaji wa karne nyingi katika nyanda hizo. Mwanafunzi anayekisoma kitabu hiki Chepsaita, upande wa Turbo, hasomi habari za nchi ya mbali. Anasoma maelezo yaliyosaidia kuamua nani aitwe mwenyeji hapo alipoketi. Kwa sababu hiyo hatupendekezi Thomson aachwe, bali afundishwe sambamba na maelezo ya Sadi na ushahidi wa mashimo hayo.