Sheria iko, lakini maganda yanaenda wapi?

Wenzangu, tuache kwanza kusema kama Bukavu haina sheria. Iko, na si moja. Sheria ya mazingira ya 2011 iko. Sheria ya 2008 juu ya miji na komini iko. Dekre ya tarehe 30 mwezi wa 12, 2017 inakataza kutengeneza, kuingiza, kuuzisha na kutumia sashe za plastiki. Sasa fika soko ya Kadutu asubuhi, uza nyanya kidogo tu: utapewa ndani ya sashe, na muuzishaji hata haifichi. Ng'ambo ya Ruzizi, Rwanda walikataza sashe tangu 2008, na mutu wa Bukavu anayevuka mupaka anajua kuiacha yake nyumbani. Mutu ni yule yule. Kwa hiyo viongozi wasituambie kila siku kama shida ni akili ya raia.

Lakini plastiki siyo inanisumbua zaidi. Miye nilisoma agronomia, naangalia kile kilicho kingi kwenye lundo: maganda ya ndizi, vijiti vya sombe, mabaki ya lenga-lenga, kabichi zilizooza. Hiyo ndiyo sehemu kubwa ya uchafu wetu, na juu yake muji uko kimya. Ibanda, Kadutu, Bagira, sijaona komini hata moja inayotuomba tutenge vinavyooza na visivyooza. Vyote vinaingia mufuko mumoja, na hapo ndipo mbolea inakufa. Lundo la majani likigeuzwa vizuri na kupewa maji kidogo linapanda mpaka nyuzi 55 ao 60 za joto. Mbegu za magugu zinakufa, vidudu vya magonjwa pia, na baada ya miezi mitatu hivi unapata mboji nyeusi. Changanya ndani mawe ya redio, chupa zilizovunjika na sashe: hakuna mulimaji wa Kabare atakayeweka ile kitu ndani ya shamba lake. Na ana haki. Udongo wa milima yetu una uchachu, umechoka, mbolea ya duka ni bei kali. Kila siku kabichi na ndizi zinateremuka Bukavu pamoja na chakula cha ule udongo, na hakuna kinachopanda kurudia kule. Tunakitupa ziwani.

Kwa viongozi wetu, kufuata sheria ni salongo ya siku ya posho. Maduka yanafungwa, matope yanatolewa ndani ya mitaro na kuwekwa kando ya barabara, picha inapigwa. (Ile picha haikosekanaka.) Mvua moja tu, matope yanarudi mutaroni, yanaingia Kahwa, yanafika Kivu. Plastiki inaelea mpaka kwenye barage ya Ruzizi ya kwanza, inaziba mashini, na sisi wenyewe tunabaki gizani tukilaumu SNEL.

Kenya, sheria ya 2022 inalazimisha kila nyumba na kila ofisi kutenga vinavyooza, na inapatia kaunti kazi ya kuvikusanya. Sisemi kule kumekuwa safi, Dandora bado iko pale. Lakini mutu anajua amuulize nani. Dekre yetu inakataza kitu, kisha muji haugawi kazi.

Miye ningeanza na masoko, si na nyumba. Mama wa sombe anatupa sombe tu, uchafu wake umekwisha kutengwa kabla haujafika chini. Sanduku mbili Kadutu, mbili Nyawera, na gari moja ya kupandisha maganda Kabare mara mbili kwa juma. Hiyo haiombi mufadhili wala semina ya siku tatu ndani ya hoteli. Inaomba meya aandike soko gani, siku gani, na nani atashika ufunguo wa ile gari.