Kumeza, Kupaliwa na Kupwewa na Sauti: Istilahi Katika Kazi za Jeri Logemann

Kazi za Jeri Logemann, mtaalamu wa Marekani aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Northwestern na kufariki mwaka 2014, zastahili kuangaliwa na kila mfasiri wa maandishi ya afya. Mwaka 1978 yeye na wenzake walitoa uchunguzi wa wagonjwa 200 wa Parkinson, wakakuta kwamba 89 katika kila 100 walikuwa na kasoro ya sauti. Mwaka 1983 alitoa kitabu juu ya kuchunguza na kutibu matatizo ya kumeza. Kiungo kinachounganisha kazi hizo mbili ni koromeo: hilo hutoa sauti, na hilo hilo hufunga njia ya hewa tonge linapopita.

Ubora wa kitabu hicho ni kwamba hakikufanya kumeza kuwa tendo moja. Kimeligawa katika hatua: kuandaa chakula kinywani, kukisukuma nyuma kwa ulimi, kukipitisha kooni, na kukiteremsha katika umio. Kila hatua ina kasoro yake. Hapo ndipo mfasiri anapopimwa.

Tunayatazama haya tukiwa Ushirombo, katika Wilaya ya Bukombe, iliyohamishwa kutoka Mkoa wa Shinyanga kwenda Geita mwaka 2012. Wengi huku husema Kisumbwa au Kisukuma nyumbani, na hukutana na Kiswahili cha vitabu zahanati. Tuchukue mfano wa mzee aliyepata kiharusi. Mwanawe akiulizwa, "Je, mzee ana tatizo la kumeza?" atajibu kuwa hana, kwani bakuli la uji huisha. Akiulizwa, "Je, mzee hupaliwa anywapo maji?" atajibu kuwa hupaliwa kila siku. Jibu la kwanza si uongo. Kosa lilikuwa katika swali. Na kosa hilo lina gharama, maana maji yaingiayo njia ya hewa huweza kuleta nimonia, nayo huua.

Kwa hiyo twapendekeza, kwanza, "umezaji" liwe jina la tendo zima. "Kupaliwa" litumike kwa kitu kuingia njia ya hewa. Na "kukwama kwa tonge" kwa chakula kisichoteremka katika umio. Hata hivyo "kupaliwa" lina upungufu. Msemaji wa Kiswahili humjua aliyepaliwa kwa kikohozi chake, na Logemann alionya kwamba wapo ambao maji huwaingia nao wasikohoe. "Kupaliwa kimya" ni fupi, lakini sisi twapendelea "kupaliwa bila kikohozi", kwa kuwa humwonya muuguzi asiridhike na utulivu wa mgonjwa.

Pili, "kidakatonge" limetumiwa na baadhi ya waandishi kwa kimio, na na wengine kwa kifuniko cha njia ya hewa. Kwa kuwa katika sehemu kadhaa za nchi waganga wa jadi hukata kimio kwa ajili ya kikohozi, utata huo si mdogo. Liachiwe kifuniko peke yake.

Tatu ni sauti. Watu wa pwani husema mtu "amepwewa na sauti", kama maji yanavyopwa ufukoni. Mchimbaji wa dhahabu ambaye hajaona bahari husema sauti "imekauka", na kilichokauka hutiwa maji, si kupelekwa kwa daktari. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu yafaa ichunguzwe, maana yaweza kuwa dalili ya saratani ya koromeo. "Kupwewa na sauti" liwe istilahi ya vitabu; "kukauka" libaki katika swali la mgonjwa, lakini liambatane na swali la pili: "Tangu lini?"

Upungufu wa Logemann kwetu ni mdogo. Vipimo vyake vya majimaji, rojo na biskuti, vyote vyenye bariamu, vilitoka katika jiko la kwao. Sisi tuna ngazi yetu: maji, uji mwepesi, uji mzito, ugali. Mfasiri aitumie, mradi aeleze kuwa ni mfano.

Orodha za istilahi huwa na safu ya neno na safu ya maana. Ombi letu ni kwamba orodha za afya ziongezewe safu ya tatu: swali ambalo mgonjwa ataulizwa. Istilahi isiyoweza kugeuzwa kuwa swali la zahanati bado haijakamilika.