Heko kwa Jumuiya Ndogo Ndogo

Mwaka 1976 maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza ya maaskofu Katoliki wa Afrika Mashariki, walikutana Nairobi na kuzifanya jumuiya ndogo ndogo za Kikristo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Jumuiya hizo zinastahili pongezi, kwani zimelipeleka Neno sebuleni na uani, kwa majirani wanaojuana. Chukua njia ya hatua saba ya kusoma Biblia iliyotoka Taasisi ya Lumko, Afrika Kusini: somo husomwa, kila mmoja hutamka fungu lililomgusa, kimya hufuata, kisha watu hushirikishana. Hatua ya sita huuliza: tufanye nini? Hapo Msamaria Mwema hugeuka kuwa zamu ya kumtekea maji mjane mgonjwa.

Wapo wanaohofu kwamba wasiosomea teolojia watapotosha Maandiko. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo maana makatekista na mapadre wanahitajika. Lakini anayesoma peke yake hupotoka kwa urahisi zaidi, maana hana wa kumpinga. Mama aliyezika watoto na kijana asiye na kazi hawatakubali ufafanuzi mwepesi wa kitabu cha Ayubu. Tena, majirani wanaoyajua maisha yako hawatakuacha usome bila kutenda.