Sifa za Wakata Taya

Ameloblastoma si saratani, na pengine ndiyo maana sifa za wanaoiondoa hazivumi. Ni uvimbe unaotokana na chembechembe zilizosalia tangu meno yalipokuwa yanaumbika, na mara nyingi huota ndani ya taya la chini, kule nyuma kwenye magego. Kwa kawaida hauumi. Hukua taratibu kwa miaka, ukila mfupa kwa ndani na kuutunisha kwa nje, huku meno yakilegea moja baada ya jingine. Mgonjwa hung'olewa jino, hupewa dawa za kukausha usaha, hupelekwa kwa mganga. Wengi wanapofika Muhimbili, au hospitali nyingine yenye mabingwa wa upasuaji wa kinywa, taya na uso, shavu limeshajaa na mtu ameshazoea kujifunika kwa mtandio.

Kwenye eksirei, mahali palipopaswa kuwa na mfupa imara huonekana vishimo vya duara vilivyosongamana kama povu la sabuni. Lakini picha haisemi yote, kwa kuwa uvimbe huu hupenya kwenye vitundu vya mfupa kupita mpaka unaoonekana. Kuukwangua tu ni kazi nyepesi, na mgonjwa huenda nyumbani na taya lake. Tatizo ni kwamba ule wa aina ya kawaida ukikwanguliwa hurudi kwa wengi, wakati mwingine baada ya miaka 10 na zaidi. Kwa hiyo mpasuaji hukata na sentimita 1 hadi 2 za mfupa unaoonekana mzima. Kumkata kijana mfupa mzima kwa ajili ya uvimbe usio saratani ni uamuzi mzito, na mimi nauheshimu kuliko hata ustadi wa mkono.

Mkono nao una sifa zake. Mpira wa kupumulia hupitishwa puani, ili meno ya juu na ya chini yaweze kufungwa pamoja kwa waya. Chale hupita shingoni, chini kidogo ya ukingo wa taya, kukwepa tawi jembamba la mshipa wa fahamu linalovuta mdomo wa chini. Likikatika, tabasamu huenda upande. Mfupa ukishakuwa wazi, inakuja hatua ninayoipenda kuliko zote. Kabla ya kukata chochote, mpasuaji huchukua bamba la titani na kulipinda kwa koleo lifuate umbo la taya. Hulijaribisha, hulitoa, hulipinda tena, mpaka likae bila kuacha mwanya. Hutoboa matundu, hukaza skrubu, kisha hufungua zote na kuliweka bamba kando. Ndipo msumeno unapoingia. Kipande chenye uvimbe kikishatoka, bamba hurudi kwenye matundu yaleyale, na ncha mbili za taya zilizobaki hukaa umbali uleule zilizokuwa nao. Uvimbe ukiwa umetunisha mfupa sana, njia hiyo haiwezekani. Hapo, penye uwezo, bamba hupindwa juu ya mfano wa taya uliochapwa kwa mashine. Pasipo na uwezo, tegemeo ni waya za meno na jicho la mpasuaji.

Zana nyingine ni za zamani sana. Msumeno wa waya aliouleta Leonardo Gigli, daktari wa uzazi wa Italia, mwaka 1894, bado unakata taya pale ambapo msumeno wa umeme haupo.

Pengo fupi huzibwa kwa mfupa wa nyonga. Pengo refu lilikuwa balaa, hasa la mbele, ambako misuli ya ulimi imejishika. Ikiachiwa, ulimi huanguka nyuma na kuziba njia ya hewa. Mwaka 1989 David Hidalgo wa New York alieleza jinsi ya kujenga taya kwa mfupa mwembamba ulio kando ya muundi. Mfupa huo hutolewa pamoja na mishipa yake ya damu, hukatwa vipande ili upate mkunjo wa kidevu, kisha mishipa hiyo huungwa na ya shingoni kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Mtu hutembea vizuri bila mfupa huo, na taya jipya linaweza baadaye kupandikizwa meno.

Gharama ipo. Mshipa wa fahamu unaopita ndani ya taya mara nyingi huondoka na kipande, na mdomo wa chini ukabaki na ganzi upande mmoja. Wapasuaji waungwana humweleza mgonjwa hilo mapema.

Wewe unayesoma, ukiona taya limevimba au jino limelegea bila sababu, usisubiri maumivu: nenda ukapigwe eksirei. Na kama ulishapasuliwa, endelea kurudi kliniki mwaka hadi mwaka, hata ukijiona mzima.