Greda la Setilaiti na Shahidi Wake

Greda linaloongozwa na setilaiti huacha nyuma yake uso wa kupendeza, na uzuri huo ndio unaomnasa mkaguzi mgeni. Ulaini ni kitu kimoja, kimo ni kingine. Mjuzi haanzi na skrini ya opereta. Huuliza kimo kimethibitishwa kwa kifaa gani kingine. Skrini inalinganisha kisu cha greda na mchoro uliopakiwa, huku ikiamini kwamba kituo cha rejea kina kimo sahihi na kwamba kisu hakijalika. Kituo kikiingizwa kimo pungufu kwa sentimita 5, greda litatii, skrini itasoma sifuri mwanzo hadi mwisho, na barabara itakaa sentimita 5 juu ya mchoro. Kwa upana wa mita 10, hizo ni mita za ujazo 500 za moramu katika kila kilomita. Kukagua kwa kipokezi cha mkononi kinachotegemea kituo kilekile ni kumuuliza mshtakiwa kama ana hatia. Shahidi wa kweli ni levo na fimbo yake ya vipimo, ikianzia kwenye alama ya kimo ambayo haikutumika kusawazisha mfumo.

Kimo ndicho upande dhaifu wa setilaiti kwa maumbile. Zote ziko juu yetu, hakuna hata moja inayotusaidia kutokea chini ya ardhi, hivyo penye kosa la sentimita 1 kwa mlalo, tarajia kama 2 kwa wima. Huku kwetu karibu na ikweta, anga la juu huchafuka baada ya jua kuzama na mawimbi yakayumba. Kwa hiyo saa ya kazi ni sehemu ya ushahidi. Mchoro wenyewe nao una lawama zake. Mpinda wa wima wenye nusu kipenyo cha mita 2,000, ukichorwa kwa nukta za kila mita 20, hukosewa milimita 25 katikati ya nukta. Zikisogezwa hadi mita 5, kosa halifiki milimita 2.

Kuna watakaosema: kama ni kurudi kwenye levo, greda hilo la bei kali lilinunuliwa la nini? Hoja hiyo ina uzito, maana pegi na kamba nazo zilikuwa na makosa yake, tena zilipigwa teke na kila lori lililopita. Lakini mashine ilinunuliwa ili isambaze kimo kwa kasi na usawa, jambo inalolifanya vizuri kuliko binadamu. Kujitolea ushahidi ni kazi nyingine. Levo haihitaji kufuata kila hatua: sehemu chache zilizochaguliwa bila opereta kujua zinatosha, mradi zipimwe baada ya kushindilia, kwa kuwa udongo uliolegea hushuka. Kisha usome tofauti zenyewe, usiridhike na wastani, kwani milimita 30 juu na 30 chini hutoa wastani wa sifuri na dimbwi la maji. Tofauti zikiegemea upande mmoja kila mahali, shuku kituo. Zikijitokeza kwenye mipinda tu, rudi kwenye mchoro. Zikipanda polepole siku hadi siku, shuka ukapime ncha ya kisu kwa rula.