Sisimizi wa Lugano na kosa la kutangaza

Kila AntHocNet, itifaki ya kutafuta njia kwenye mitandao isiyo na waya kwa mfano wa sisimizi, inapotajwa, sifa huanzia kwenye fomula ya feromoni, yaani alama ya ubora wa njia. Fomula ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu uko hatua moja kabla yake, pale nodi isiyojua njia inapomtoa sisimizi wa kwanza, yaani pakiti ndogo ya kutafuta njia. Mlioisoma makala ya mwaka 2004 ya Gianni Di Caro, Frederick Ducatelle na Luca Maria Gambardella, wa taasisi ya IDSIA huko Lugano, mnakumbuka kinachofuata: sisimizi yule hutangazwa hewani kwa majirani wote, na kila jirani asiye na habari za njia humtangaza tena. Uamuzi huo ulikuwa mbaya siku ulipofanywa, na bado ni mbaya.

Tuutazame polepole. Katika Wi-Fi, pakiti iliyotumwa kwa nodi moja hujibiwa kwa uthibitisho. Isipojibiwa hurudiwa, na mtumaji huongeza muda wake wa kusubiri kwa sababu ameelewa kwamba chaneli imejaa. Pakiti ya kutangazwa kwa wote haina kinga hiyo. Haijibiwi, hairudiwi, haimfundishi mtumaji lolote, na kwa kawaida hupelekwa kwa kasi ya msingi, iliyo ya chini, hivyo huishikilia chaneli muda mrefu kuliko data ya ukubwa uleule. Majirani kadhaa wakiitoa kwa pamoja, nakala zinagongana na hakuna anayepata habari. Ni kama kuupigia mji mzima mbiu ya mgambo ili mtu mmoja aelekezwe nyumba. Tena haikuwa siri: Ni, Tseng, Chen na Sheu walilieleza tatizo hilo mwaka 1999 na kuliita dhoruba ya matangazo.

Watetezi husema kichujio kipo, kwamba nodi haipitishi nakala iliyo mbaya kupita kiasi kuliko zilizotangulia. Kweli kipo. Lakini nakala ya kwanza hupita kila mahali, na hiyo peke yake inatosha kuwasemesha wote. Husema pia kwamba nakala zikipotea penye msongamano, njia mbaya zinajichuja zenyewe. Hapo ndipo ninapowakatalia kabisa. Nakala iliyopotea kwa mgongano haisemi kwamba njia ile ina foleni ndefu. Inasema tu kwamba nodi mbili zilizungumza kwa wakati mmoja, pengine kwa sababu ya mafuriko hayohayo ya sisimizi. Kipimo kimechafuliwa na mpimaji.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba wabunifu walijua. Kiungo kikikatika, AntHocNet hutuma sisimizi wa kurekebisha njia, na huyo amewekewa kikomo: asitangazwe zaidi ya mara 2. Kwa nini fundi awe na kikomo na mtafuta njia asiwe nacho? Hata AODV, itifaki ambayo AntHocNet ilipambanishwa nayo kwenye kiigizi cha QualNet, inashauri utafutaji kwa pete inayopanuka. Katika RFC 3561 ya mwaka 2003, ombi la njia huanza na umbali wa hatua 1, huongezwa 2 kila linaposhindwa, na likishapita hatua 7 ndipo mtandao mzima huulizwa. Sisimizi wangeweza kuazima pete hiyo.

Na kikatiko chenyewe hupimwaje? Kwa pakiti iliyoshindwa kufika kwa jirani, au salamu za jirani zilizokosekana. Chaneli iliyojaa huleta dalili zote mbili wakati jirani yupo palepale. Msongamano unasomwa kama kifo cha kiungo, matangazo yanatoka, msongamano unazidi.

Linganisha na sisimizi wa Bristol. Ruud Schoonderwoerd, Owen Holland, Janet Bruten na Leon Rothkrantz, waliochapisha kazi yao mwaka 1996, walitumia kielelezo cha mtandao wa simu wa British Telecom wenye vituo 30. Kwao, sisimizi anayefika kwenye kituo kilichojaa hucheleweshwa makusudi, na kadiri nafasi inavyopungua ndivyo kuchelewa kunavyokua kwa kasi. Akichelewa anazeeka, na mzee huacha feromoni kidogo. Papo hapo, sisimizi wanaotoka upande uliojaa wanapungua. Mtaniambia zile zilikuwa simu za waya na vituo havitembei. Sawa, lakini palipojaa Bristol walipunguza sisimizi, Lugano wakawazidisha. Na itifaki ya AntNet ya mwaka 1998, ya Di Caro huyohuyo na Marco Dorigo, ilimpanga sisimizi wa kwenda kwenye foleni ya data ili aonje msongamano wenyewe, bila kumnakili hata mara moja.

Sikatai yote ya AntHocNet: sisimizi wake wa kuboresha njia zinazotumika, pamoja na kugawa data kwa bahati nasibu kwenye njia kadhaa, ni kazi safi.

Nimelisema hili zamani na nitaendelea kulisema: majina ya wanyama yametuzuia kukagua pakiti. Kenneth Sörensen aliwakemea wabuni wa sitiari hizi mwaka 2015, na bado algoriti za popo, vimulimuli na mbwamwitu zinazidi kuja. Van Jacobson hakuhitaji mnyama ili kutibu msongamano. Oktoba 1986 kasi kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu kilicho jirani yake ilianguka kutoka kilobiti 32 hadi biti 40 kwa sekunde, na mwaka 1988 akaandika kanuni yake: pakiti mpya isiingie kabla ya ya zamani kutoka. Mwaka 2012 Balaji Prabhakar, Katherine Dektar na Deborah Gordon walionyesha kwamba sisimizi wavunaji huishi hivyohivyo, hutoka shimoni kwa kasi inayofuata wanaorudi na mbegu.

Basi mnaoendeleza itifaki hizi, mpeni sisimizi wa kwanza pete ya AODV, na wanaofuata watoke kwa kadiri wenzao wanavyorudi. Kisha chapisheni hesabu ya pakiti za udhibiti wakati mtandao umejaa, si wakati uko mtupu.