Nani Ametunga Filamu Hii?

Tunapohakiki filamu darasani tunaishika kama riwaya. Tunatafuta mtunzi, tunamkuta mwongozaji, kisha tunamtwisha kila kitu: dhamira, taswira, ukimya, hata upepo. Katika mjadala wetu juu ya I Am Not a Witch (2017) ya Rungano Nyoni, kila aliyesimama alizizungumzia tepe nyeupe wanazofungwa wanawake wanaotuhumiwa uchawi, na kila mmoja alimpongeza Nyoni. Wazo ni lake, sibishi. Lakini utepe ule una upana na uzito, unavutwa na upepo, unazungushwa kwenye kigurudumu. Kuna mtu aliyeamua upana huo. Kuna pia David Gallego, mpiga picha kutoka Kolombia, aliyehusika na umbali ambao kamera inasimama ili tepe zote zionekane kwa pamoja. Uhakiki unaoishia kwa Nyoni unaeleza ishara ina maana gani, lakini haufiki kwenye swali la kwa nini picha ile inauma.

Maoni haya nimeyapata kwenye kazi kuliko kwenye nadharia. Kikundi cha wanafunzi kilirekodi filamu fupi tatu Nchelenge, ufukwe wa Zambia wa Ziwa Mweru, nami nilikuwamo katika zote: nilishika fimbo ya maikrofoni, nikasimamia mwendelezo, nikaandika maandishi ya chini ya skrini. Sikuongoza hata moja.

Filamu ya kwanza ilimhusu mwanamke anayeanika chisense, wale dagaa wa Mweru, kwenye mchanga wa Kashikishi. Muswada ulidai "ukimya wa ziwa". Anayejua Kashikishi atacheka. Kuna injini za boti ziendazo Kisiwa cha Kilwa, kuna redio, kuna baa, na juu ya vyote kuna upepo. Fundi sauti hakutafuta ukimya ambao haupo. Aliniagiza nishushe maikrofoni karibu kabisa na mchanga, mahali mama alipokuwa akigeuza dagaa kwa viganja, nasi tukapata mchakacho mwembamba kama wa majani makavu. Ukiusikia huo peke yake, unaamini dunia nzima imenyamaza. Siku ya maonyesho mwongozaji alisifiwa kwa "matumizi ya kimya".

Mtu atasema mwongozaji ndiye aliyekubali sauti ile, na kukubali nako ni kutunga. Hoja ina uzito. Hata hivyo mhakiki hawezi kupima uamuzi asipojua mtu alikuwa akichagua kati ya nini na nini.

Mwendelezo ni kazi inayodharauliwa kuliko zote, pengine kwa sababu ikifanywa vizuri haionekani. Nchelenge inatazama magharibi, hivyo jioni jua huzama ziwani, upande wa Kongo, na nuru nzuri haidumu. Tulihitaji jioni mbili kwa onyesho moja. Daftari langu lilikuwa na urefu wa jua, fundo la kitenge, idadi ya vikapu. Jioni ya pili vikapu vilikuwa nusu, kwa maana mwenye dagaa alikuwa amewauza. Wale walikuwa riziki yake, hawakuwa vifaa vya jukwaani. Tulipolinganisha na daftari, onyesho la mwanamke akihesabu noti, ambalo muswada haukuwa nalo, likaingia. Ndilo onyesho bora la filamu ile. Mtunzi wake ni nani? Mimi namtaja aliyeuza dagaa.

Swali hili lina historia katika eneo letu. Kati ya 1935 na 1937 huko Vugiri, Tanganyika, Meja Notcutt na Latham waliendesha jaribio la sinema ya elimu kwa Waafrika, na filamu zao zilizungushwa hadi Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia ya leo. Notcutt aliona kwamba vijana wa Kiafrika wangeweza kufundishwa kazi za kila siku za chumba cha giza na za kurekodi sauti. Ilihesabiwa kuwa kazi ya mikono, si utunzi. Mgawanyo huo tumeurithi mzima mzima, na tunaurudia kila tunapoandika "mwongozaji ametumia sauti".

Kinyume chake ni Machini (2019) ya Tétshim na Frank Mukunday wa Lubumbashi, filamu fupi ya katuni iliyotengenezwa kwa mawe na chaki kuhusu maisha chini ya moshi wa migodi. Wanayo majina mawili kama watunzi, na mhakiki analazimika kuzungumzia jiwe lenyewe linavyosogezwa. Hapo fani na maudhui havitengani hata ukitaka.

Filamu ya tatu ndiyo iliyonipa ubishi. Mhusika mkuu ni mchuuzi kutoka Pweto, ng'ambo ya Kongo, na anaongea Kiswahili cha Katanga. Anasema: "Batoto beko banangoya ku nyumba." Wenzangu wawili walitaka chini iandikwe "Watoto wananingoja nyumbani", maana filamu ingeonyeshwa kwa watu wa Kiswahili sanifu. Nilikataa. Mtazamaji akisikia Kiswahili kimoja na kusoma kingine, atadhani cha pili ndicho sahihi na mama amekosea. Mama hajakosea. Kuvuka ziwa na samaki na lugha yake ndiyo hadithi yenyewe, na mstari mmoja wa maandishi ungemgeuza mwanafunzi anayesahihishwa insha.

Tulibishana usiku mzima. Mwishowe mistari yake yote iliachwa bila maandishi, isipokuwa miwili yenye maneno ya Kibemba. Mhadhiri mmoja aliyeitazama alisema alipotewa na sentensi tatu hivi. Nilimuuliza ni zipi. Alizirudia zote, neno kwa neno.